Kitenge Chenye Sura ya Mchungaji Kalinga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari, habari za tangu Pasaka? U mzima huko chini ya godoro? Panya hawakukugusa? Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika kwa baridi hii ya Mbeya. Najua huwezi kuniitikia. Lakini mtu aliyelelewa haanzi kumwaga shida kabla hajasalimia.

Haya, shida. Mradi wa mwisho.

Ndiyo, bado nasoma. Usanifu wa michoro, mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, miaka arobaini na minane. Niliingia kwa ule mtihani wa watu wazima wenye uzoefu. Uzoefu wenyewe: cherehani ya miguu miaka ishirini na miwili, pamoja na mabango yote ya kwaya kule kwetu Igowole. Darasani wamejaa watoto waliozaliwa mwaka niliofungua banda langu la ushonaji. Wananiita Maza. Nimezoea.

Mwalimu wetu ni Obeid, thelathini na moja. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba mwanangu, kisha anafungua kazi yangu na kuichinja mbele ya watu.

Leo kasema mradi uwe kazi ya kweli, mteja wa kweli, na tulete picha za watu wakiitumia. Asiyekuwa na picha za matumizi asisumbuke kuleta chochote. Atarudia mwaka. Mimi kurudia mwaka siwezi. Magoti hayatakubali.

Mungu si Athumani wa dukani, hachelewi kufungua. Saa kumi akapiga simu Mama Faustina, mwenyekiti wa wanawake wa usharika wetu. Mchungaji Kalinga anatimiza miaka arobaini ya utumishi na anastaafu. Yubilei ni Jumapili ya tarehe 27 Julai. Wanawake wanataka kitenge cha sare, chenye sura yake. "Mama Paskalina, si ndiyo hayo unayosomea huko? Au unasomea nini?"

Nikasema ndiyo hayo hayo. Nikapiga magoti hapo hapo nishukuru. Kunyanyuka ilikuwa shughuli.

Jumapili, 8 Juni

Niko nyumbani Igowole. Ukungu asubuhi hadi unamsikia mtu akikusalimia kamwene kabla hujamwona.

Baada ya ibada nikaenda kumpiga picha Mchungaji. Hakutaka. Alisema sura yake amekaa nayo miaka sitini na mitano haijamsumbua mtu, kwa nini leo isambazwe. Alisema kitenge wangeweka msalaba na ua, yatosha. Mama Faustina akamwambia msalaba tunao tayari kwenye vitenge sita. Sura yake hatuna.

Akavaa kola. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Marehemu mkewe alikuwa anampenda bila miwani, akasema, kisha akaangalia pembeni kama aliyejutia kusema. Nikapiga ile aliyotabasamu kidogo. Mchungaji Kalinga hutabasamu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku ya mavuno, kwa hiyo ni picha ya thamani.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Esta." Hakusema Mama Paskalina. Yeye ndiye aliyenipa kipaimara, ana haki. "Nakuomba kitu kimoja tu. Usinifanye kichekesho."

Nikasema, Baba Mchungaji, nitakufanya vizuri hadi ujishangae.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechinjwa.

Mchoro wangu wa kwanza: sura ndogo ndogo kama sahani za chai, zimejaa kitenge kizima, katikati majani ya chai na matawi ya msonobari. Mimi niliona pamechangamka. Obeid akauangalia. Kisha: "Shikamoo tena, Mama. Hapa ni sokoni Mwanjelwa. Jicho halina pa kukaa." Akasema niache nafasi tupu. Niache pumzi. Sura moja kubwa yenye heshima, kisha utulivu, kisha nyingine mbali huko.

Isakwisa anayekaa jirani yangu akaninong'oneza, Maza, umemfanya mchungaji noti za benki. Mtoto huyu wa Tukuyu ana mdomo, lakini ndiye aliyenifundisha kutumia ile programu ya kuchorea mwaka wa kwanza, nilipokuwa naogopa kugusa kipanya nisikiharibu. Namsamehe kila siku. Ni kazi ya kudumu.

Jumanne, 17 Juni

Nimekuza sura. Nikamtumia Mama Faustina kwenye simu. Akajibu: kubwa zaidi. Nikakuza. Kubwa zaidi, huyu ni mchungaji si stempu. Nikakuza tena. Sasa iko kama sinia la pilau. Kutoka sura hadi sura, kwa mshazari, kushuka hadi safu ya pembeni, sentimita arobaini na sita za samawati tupu na majani mawili matatu ya adabu.

Wote wawili wamefurahi, Obeid na Faustina. Watu wasiowahi kuonana, wameungana juu ya kichwa changu.

Obeid akataka aone kikivaliwa. Tukakivisha yule mwanasesere wa kwenye programu. Mwanamke mwembamba, hana tumbo, mikono haijawahi kubeba ndoo, anatazama mbele tu kama mtu wa pasipoti. Sura ya Mchungaji ikakaa kifuani, katikati kabisa. Obeid akapiga makofi mawili. Kwa Obeid makofi mawili ni sherehe.

Mchoro wa kitenge umetumwa kiwandani.

Halafu nikafanya jambo la akili. Nimejisifu hadi nimetubu. Nilichora patani ya gauni kwenye karatasi, kwa saizi tatu, na alama nyekundu: shingo ianzie hapa ili sura ianguke kifuani. Nikaituma kwa mafundi wenzangu wote wanne wa Igowole. Kwa sababu mafundi nawajua, mimi ni mmoja wao. Ukiwaachia, mmoja atamweka Mchungaji kwapani. Nikasema hapa hakuna fundi atakayekosea.

Na kweli, hakuna aliyekosea.

(Mstari huo wa juu nimeuongeza leo tarehe 19 Julai. Sababu utaiona.)

Jumatano, 16 Julai

Nimerudi nyumbani na cherehani nimeitia mafuta. Vitenge vimefika! Rangi haikuhama. Mchungaji anatabasamu vilevile. Mama Faustina alifungua mzigo pale barazani, akatandaza kimoja, wanawake wakapiga vigelegele, akajifuta macho na pindo akidhani hatumwoni.

Magauni sitini na mawili. Mafundi wameanza leo leo. La mwenyekiti nashona mimi.

Jumamosi, 19 Julai

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa banda, mchana kweupe, nimewaambia watu naumwa kichwa. Si uongo sana.

Mama Faustina alikuja kujaribu. Akalivaa. Limemkaa, nasema ukweli, kama alizaliwa nalo. Mchungaji kifuani, anaangalia mbele. Akajitazama kwenye kile kioo changu cha ukutani, kinachoonyesha mtu kuanzia nywele hadi mkanda. Akasema, "Mama Paskalina, shule imekusaidia." Mwaka wa tatu huu ndiyo mara ya kwanza anasema hivyo.

Nikamwambia ageuke nipime pindo la nyuma. Nikapiga magoti, pini nne mdomoni. Nikainua macho.

Mchungaji Kalinga alikuwa ananitazama. Uso kwa uso. Ametabasamu. Amekaa pale pale anapokalia Mama Faustina, amejaa vizuri, mashavu yote mawili, na Mama Faustina alipohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, Mchungaji akakonyeza.

Kwa mazoea ya miaka, mdomo wangu ulisema wenyewe: "Bwana asifiwe." Pini zikaanguka.

"Amina," akajibu Mama Faustina. "Unaomba nini huko nyuma?"

Nikasema naombea pindo.

Hesabu ni nyepesi, Daftari, ningeweza kuifanya nikiwa darasa la nne. Kutoka bega hadi kifua ishirini na mbili. Ongeza arobaini na sita, safu ya pembeni, ile inayoangukia nyuma. Sitini na nane. Uliza mshonaji yeyote nchi hii, sitini na nane kutoka bega kwa nyuma ni wapi. Miaka ishirini na miwili nawapima wanawake nyuma kabla ya mbele, maana gauni hubana nyuma kwanza. Halafu nikaenda chuo, nikapewa kompyuta, nikasahau kwamba watu wana nyuma. Yule mwanasesere hakugeuka hata siku moja. Na mimi sikumwambia geuka.

Zile sura ndogo za mwanzo zingekuwa kila mahali, hakuna ambaye angeona. Sasa ziko mbili tu. Moja kifuani. Moja huko.

Na nimewatumia mafundi wote alama nyekundu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Mchungaji kahubiri juu ya unyenyekevu. Sikusikia mengi. Nilikuwa natazama mabenchi na kufikiria: Jumapili ijayo, mahubiri yake ya mwisho, saa moja na nusu kama si mbili, wanawake sitini na wawili tutakuwa tumemkalia anapohubiri.

Kuna lingine, nimelikumbuka wakati wa sadaka. Maandamano ya kuingia. Kwetu kwaya hutangulia, wanawake wanafuata, mchungaji anaingia mwisho. Nyuma yetu. Kutoka ofisini hadi madhabahuni, polepole, kwa wimbo wa beti sita. Atakuwa anajitazama mara sitini na mbili, akienda kushoto na kulia.

Bwana, nihurumie. Nilicheka. Nilibana mdomo kwa kitambaa, jirani akadhani nalia, akanipigapiga mgongoni.

Baada ya ibada alinipa mkono mlangoni. "Esta, nasikia kitenge ni kizuri. Sijakiona kimeshonwa. Nasubiri siku yenyewe." Nikasema amina. Amina ya nini?

Jumanne, 22 Julai

Sijasema. Magauni arobaini yamekamilika. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa kila mtu anajaribu lake mbele ya kioo cha nusu, na mwenzake akimtazama anatazama shingo na mikono. Sisi hatujazoea kumwangalia mama mtu mzima huko.

Isakwisa kapiga kuuliza mradi. Nikamwambia yote. Alicheka hadi simu ikakata. Akapiga tena. Akasema, "Maza, tulia. Picha za mbele tu. Tatu kali, mchana, mwanga mzuri. Obeid atakupa alama zako, unavaa joho, maisha yanaendelea. Nani atakwenda Igowole kukagua makalio?"

Nikamwambia lugha hiyo usiongee na mama yako. Akasema samahani Maza, nyuma.

Picha za mbele ninazo tayari. Nzuri mno. Mwisho wa kutuma ripoti ni Ijumaa. Amri ya nane inasema usimshuhudie jirani yako uongo, lakini haisemi lolote juu ya kumpiga picha upande mmoja. Nimeisoma mara tatu nitafute.

Alhamisi, 24 Julai

Mazoezi ya maandamano, nguo kamili. Mchungaji yuko Iringa mjini kwenye semina ya wachungaji, anarudi Jumamosi jioni. Mama Faustina akataka mtu wa kusimama mahali pake, tujue hatua. Mwanamume pekee aliyekuwa karibu ni mume wangu Joachim, alikuwa ameleta maziwa. Yeye ni Mkatoliki. Akasema yuko tayari kuwasaidia Walutheri popote wanapokwama.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza, namsikia nyuma anaimba. Ubeti wa pili, haimbi. Ubeti wa tatu, Baba Paskalina katoka kwa mlango wa pembeni, mabega yanatikisika. Mama Faustina akasema jamani, ameguswa.

Nilimkuta nyumbani, zizini kwa ng'ombe. Ameegemea dume, machozi mashavuni.

"Mke wangu," akasema. "Umeona?"

"Nimeona tangu Jumamosi."

"Nimeishi na nyie miaka ishirini na sita. Sijawahi kumwona mchungaji wenu akicheza. Leo amecheza." Akashindwa tena, akamkumbatia dume.

Akamaliza kucheka. Halafu akaniuliza taratibu, yeye mwenyewe anajua? Nikasema hapana. Wanawake? Hapana. Akachukua ndoo yake. "Wewe ulikwenda pale na kamera ukamwahidi mtu," akasema. "Mimi ni Mkatoliki tu, sijui kwenu mnafanyaje."

Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda Mafinga kutuma ripoti. Nilikaa kwenye kiti cha duka la intaneti nikiwa na picha za mbele tatu, na moja niliyompiga Mama Faustina jana kwenye mazoezi, kwa nyuma, bila yeye kujua (nitaitubu peke yake). Niliweka ile ya nyuma ukurasa wa kwanza. Chini yake nikaandika: *Msanifu alisahau kwamba mvaaji hugeuka na hukaa. Msanifu ni fundi cherehani.* Nikabonyeza kabla moyo haujageuka.

Obeid alijibu nikiwa bado sijafika Igowole. "Shikamoo Mama. Nimeona picha namba moja. Nitakupigia nikiacha kucheka."

Hadi sasa hajapiga. Kama ni kurudia mwaka, au ni kufaulu, sijui. Kwa leo si hilo linaloninyima chakula.

Kesho nawaambia wanawake.

Jumamosi, 26 Julai

Nimewaambia.

Wote sitini na wawili walikuja saa nne kwenye ukumbi wa usharika, wamevaa, kwa ukaguzi wa mwisho. Nilisimama mbele. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima: sehemu ya chini, upande wa kukalia. Nikababaika mpaka Bibi Eveline wa miaka themanini, mshona mikeka, akauliza kwa sauti, "Unasema matako?" Nikasema ndiyo, Bibi. Nikamwomba Mama Mwenyekiti ageuke.

Akageuka.

Kisha mmoja akageuka kumwangalia mwenzake, na mwenzake mwingine, ukumbi mzima unazunguka kama kuku wanaotafuta mayai. Kicheko kilianzia kwa kwaya. Bibi Eveline akasema miaka arobaini ametukalia kichwani, Jumapili moja nasi tumkalie. Kuna walioshikilia ukuta.

Mama Faustina hakucheka. Alinijia karibu. "Jana nimevaa hili gauni hadi sokoni, Mama Paskalina. Nimezunguka. Wauza viazi wote walinisalimia kwa furaha. Nikadhani wananipenda." Nikasema nisamehe. "Tangu lini unajua?" Nikasema tangu Jumamosi iliyopita, nikiwa na pini mdomoni. Akaniangalia. "Ile Bwana asifiwe?" Nikasema ile. Basi hapo mdomo wake ukacheza kidogo, lakini akaubana.

Tukatafuta dawa. Mmoja akasema tufunge mtandio kiunoni, ufunike. Wakamzomea: kitenge juu ya gauni hapa kwetu ni msibani, unataka tumzike mtu bado anapumua? Mwingine akasema kiraka. Bibi Eveline akasema kiraka ni vibaya zaidi, bado tutamkalia, tena gizani.

Nikasema ipo njia ya fundi. Pande la nyuma tunakata sura, tunaunga bluu. Majoho ya zamani ya kwaya yapo stoo, rangi inaelekeana. Mafundi watano, wenye sindano za mkono wasaidie, tukianza mchana tunamaliza jioni. Nikaweka mkasi mezani.

Hakuna aliyeugusa. Mama Faustina kasema yeye uso wa mtumishi wa Mungu hautii mkasi, tena akiwa hai, tena siku moja kabla. Mafundi wenzangu wakaangalia viatu. Mimi mwenyewe niliushika, nikaweka ncha kwenye gauni langu, pembeni ya sikio lake. Bila miwani. Anatabasamu vile alivyokuwa akipendwa. Mkono ukakataa.

Kwa hiyo nimemwandikia. Nakunakilia hapa, Daftari, ili siku moja nikisema sikusema, unisute:

*Bwana Yesu asifiwe Baba Mchungaji. Ni Esta. Uliniomba kitu kimoja, nisikufanye kichekesho, na nimekufanya. Ukishona kitenge, sura yako moja inakaa kifuani na ya pili inakaa pale mtu anapokalia. Magauni yote. Kosa ni langu, si la mafundi wala la Mama Mwenyekiti, yeye ndiye aliyelia kwa furaha alipokiona. Nimenyamaza wiki nzima, hilo nalo ni langu. Tunaweza kuikata ya nyuma na kuunga bluu, lakini hakuna anayethubutu kukukata bila wewe kusema. Ukisema kata, tunakata. Ukisema acha, tunaacha, na kesho utangulie wewe mbele, sisi tufuate. Nisamehe.*

Saa saba kasoro. Haijasomwa. Yuko kwenye semina.

Saa saba na robo. Imesomwa. Alama za bluu. Sitini na wawili wameinama juu ya simu yangu, siwezi kupumua.

Anaandika.

Ameacha.

Anaandika tena. Mama Faustina anasema anaandika kirefu, hiyo ni mbaya. Bibi Eveline anasema kirefu ni nzuri, mtu aliyekasirika huandika kifupi.

Ameacha. Saa saba na nusu sasa. Mkasi uko mezani. Mama Faustina kaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, andika tena, mwambie. Nimeandika:

*Baba Mchungaji, naomba unijibu mapema. Tumesimama wote tangu saa nne, na bibi zetu wamo. Hakuna aliyethubutu kukaa.*